Sungura Aliyetiwa Buluu

Kama hujawahi kumpelekea Mama Kola shati lenye doa, basi bado hujaaibishwa vizuri. Atalipokea kwa vidole viwili, atalinyanyua mbele ya dirisha na mbele ya wateja wote waliopo, kisha atauliza kwa sauti, "Hili ulikuwa unalivaa au ulikuwa unapigia deki?" Utacheka kinyonge, utasema mtoto alikumwagia chai. Hana habari na wewe. Ameshaligeuza ndani nje, ameshaona doa jingine ambalo wewe mwenyewe hukulijua, na uso umemkunjamana utadhani doa hilo limemtukania mama yake. Lakini njoo jioni uone kazi. Shati limenyooka, kola imesimama wima kwa wanga, na weupe wake unaumiza macho. Utashukuru, na wiki ijayo utarudi kuaibishwa tena.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelikumbuka pale mtaani. Wengine wanasema aliitwa Mama Kola kwa jinsi anavyozinyoosha kola za mashati. Wenye ndimi ndefu wanasema ni kwa sababu akikasirika hapo ndipo anapokukamata. Wote wana haki yao.

Udobi aliuanza angali msichana, katika chumba cha chini cha nyumba moja ya wageni, akifua mashuka yaliyolaliwa na watu asiowajua wala asiotaka kuwajua. Huko ndiko alikojifunza kwamba uchafu haubembelezwi. Akaolewa, akapata mtoto mmoja wa kiume, kisha mume akamfia mtoto akiwa hata kusoma hajui. Ndugu walimshauri arudi kwao. Weee! Alijifunga kibwebwe, akapanga vyumba viwili vyenye mlango wa barabarani, akaweka meza ya pasi chumba cha mbele na vitanda chumba cha nyuma, na uani akapanga makarai yake manne ambayo mpaka leo hayajasogezwa: la kwanza la sabuni, la pili na la tatu la kusuuzia, la mwisho lenye maji ya buluu, ile ya unga inayotiwa kidogo tu ili nguo nyeupe zisigeuke njano. Kwa makarai hayo manne alimsomesha mwanawe mpaka akawa dereva wa malori ya masafa marefu. Mtu wa namna hii ukimwambia jambo fulani haliwezekani, anakuangalia tu vile anavyoangalia doa.

Sasa tuseme kweli. Lipo jambo moja lililomshinda, nalo lilimuuma. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, msichana wa kukaribia miaka minane, na mjukuu huyo alikuwa haji kwake.

Aliwahi kuja. Likizo moja aliletwa akae mpaka shule zifunguliwe. Mama Kola kwa furaha hakujua amfanyie nini, akafanya anachokijua: akamsugua. Asubuhi alimsugua, mchana akitoka kucheza alimsugua, jioni kabla ya kula alimsugua tena, na magoti aliyashughulikia kwa brashi ya kola. Wiki haijaisha, mtoto akaomba arudi kwao. Mama yake alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Bibi anadhani magoti yangu ni madoa."

Maneno kama hayo hayakosi mtu wa kuyafikisha. Mama Kola alicheka mbele za watu, akasema mtoto ana mdomo kama bibi yake, halafu akaenda uani, akainamia karai la kusuuzia na kulia mpaka akachoka. Tangu hapo kila alipomwomba mkamwana wake amlete mtoto, aliambiwa ana mafua, au ana masomo ya ziada, au, "Tutaangalia, Mama." Mkamwana huyo ni mwalimu wa chekechea, mpole, mwenye heshima zake, anajua kukataa bila neno "hapana" kumtoka mdomoni. Mtu kama huyo hata kugombana naye huwezi, na Mama Kola alitamani mno kugombana naye.

Ikatokea mkamwana akahamia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mnyama, awe mbwa, awe kuku, awe samaki wa kwenye chupa. Na mtoto alikuwa na sungura. Sungura mchanga, ndio kwanza ameachishwa kunyonya, mweupe pe, masikio makubwa kuliko akili, jina lake Pamba. Mtoto alilia, akaapa kwamba Pamba akitoka naye anatoka. Mkamwana akapiga simu huku na kule, kila mtu ana sababu yake. Mwisho, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, akampigia mama mkwe.

"Mlete," Mama Kola akasema kabla hajaelezwa nusu ya habari.

Wakaja Jumapili na boksi. Mtoto alisimama karibu na mlango, boksi kalikumbatia, akamsomea bibi yake masharti kwa uso mkavu wa nesi. Nyasi kavu ziwepo muda wote, tena nyingi, hizo ndizo chakula chenyewe. Maji safi kwenye bakuli zito ambalo hawezi kulipindua. Majani mabichi kidogo tu, na kabichi asionjeshwe, tumbo litamjaa gesi. Asinyanyuliwe kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako. Asipigiwe kelele.

"Nimesikia, mjukuu wangu."

"Rudia."

Mama Kola, ambaye mteja akimwambia arudie maneno atatafuta dobi mwingine, akarudia yote, la kwanza mpaka la mwisho. Mkamwana aligeukia barabarani ili asionekane anacheka. Hakuna aliyesema sungura asiogeshwe. Nani angewaza kwamba kuna mtu duniani wa kumwambia hivyo?

"Sawa," mtoto akasema, na ndipo akaliweka boksi chini. "Mimi nitakuja kumwona kila Jumamosi."

Kila Jumamosi! Mpaka dakika ile Mama Kola alikuwa anamwona Pamba ni panya aliyebahatika kupata manyoya. Hapo hapo akampenda. Walipoondoka aliinama akamtazama vile pua inavyomtikisika, akajipangia hesabu yake kimoyomoyo: huyu akiwa mzima, mtoto anakuja, huyu akifa, mtoto haji tena, na mkamwana safari hii atakuwa na sababu ya kweli. Basi huyu hafi. Kwa udi na uvumba, hafi.

"Jirani, naona kitoweo kimejileta chenyewe," akasema Soli. Soli ni fundi viatu, mzee mwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa Mama Kola, na kazi yake ya pili ni kuchungulia.

"Thubutu! Ukimgusa huyu nakushona mdomo kwa uzi wako mwenyewe."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, ingawa kila mmoja alimshangaa mwenzake. Mama Kola alizikunja nyasi na kuzipanga kama mashuka, Pamba akazivuruga. Alipanga tena, akavuruga tena, akazilalia na kuzikojolea. Kila punje ya kinyesi ilipodondoka, kitambaa chenye dawa kilikuwa kimeshafika. Sungura yule maskini hakuachiwa hata punje moja ya kujivunia. Lakini alikula, alikunywa, aliruka hewani bila sababu na kutua amegeukia upande mwingine, na mchana alijinyoosha chini ya meza ya pasi akalala. Mama Kola alijikuta akipiga pasi taratibu, asije akamwamsha.

Jumatano umeme ukakatika. Na siku hiyo alikuwa na rundo la mashati meupe ya wahudumu wa hoteli moja, yakihitajika jioni. Akaitoa pasi ya mkaa, akaburuta kikapu cha mkaa ndani, akawasha, akaanza kazi. Hakumwona Pamba akiingia kikapuni. Alimwona akitoka. Alitoka mweusi tii, akajikung'uta, akaruka juu ya kiti, akapita juu ya mashati matatu yaliyokwisha kunyooshwa, na kila alipokanyaga akaacha muhuri.

Mama Kola hakukasirika. Laiti angekasirika, angemfungia kwenye boksi na mambo yangeishia hapo. Aliona tu kitu cheupe kilichochafuka, na mikono yake, ambayo imefanya kazi moja tangu usichana, haikungoja kuulizwa. Ilimbeba kama alivyoagizwa, mmoja kifuani na mwingine chini ya matako, ikampeleka uani. Karai la kwanza, povu. Karai la pili. Karai la tatu. Mwanzoni Pamba alipiga mateke, kisha akatulia, na Mama Kola akamsifu, "Eeh, hivyo hivyo, mtoto mzuri." Hakujua kwamba sungura akitulia majini si adabu ile, ni hofu imempita kimo. Na kwa kuwa alikuwa mweupe, na nyeupe haimaliziki bila buluu, akamzamisha kwenye karai la nne. Akamkamua kidogo, akamlaza juu ya taulo uani. Kilichobaki ni kumpiga pasi tu.

Alikwenda ndani kuyachukua yale mashati matatu ayafue tena. Aliporudi, Pamba alikuwa amelala ubavu, vile vile alivyomwacha. Masikio yalikuwa ya baridi. Shingo haikujishika. Na rangi yake, Mungu wangu, ilikuwa ya samawati.

Mama Kola aliogopa. Aliketi chini kwenye maji, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Jirani!" akaita. "Jirani, njoo!"

Soli akaja na kiatu mkononi. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Huyu si alikuwa mweupe?"

"Nimemwogesha."

"Na rangi?"

"Buluu."

Kwa heshima ya Soli tuseme kwamba hakucheka. Aliguna tu. "Jirani, huyu naona ameshakwenda. Sikiliza. Sokoni wapo weupe tele, wadogo hivi hivi. Tunanunua mwingine, mtoto hatajua. Au tunasema kachukuliwa na paka."

Tusimsingizie Mama Kola utakatifu. Wazo hilo lilimwingia kichwani, likakaa. Aliiona Jumamosi, alimwona mtoto anamkumbatia sungura mwingine, anacheka. Halafu ubavu wa Pamba ukapanda kidogo, ukashuka.

"Yuko hai," akasema. "Toka njiani."

Pembeni mwa mtaa kulikuwa na duka la dawa za mifugo, na ndani yake daktari wa mifugo, binti wa rika la mkamwana, mwenye miwani na maneno machache. Aliona mwanamke anaingia mbio, maji yanamchuruzika, taulo kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, salamu baadaye. Mtazame huyu."

Daktari alifunua taulo. "Mama, umemwogesha?"

"Alikuwa mchafu."

"Sungura anajiogesha mwenyewe. Kwa ulimi, kutwa nzima."

"Mimi nilimwona anajilamba, nikadhani anacheza."

"Huyu ni mchanga, moyo wake mdogo. Amepata baridi na amepata mshtuko. Sungura akishtuka hivi tumbo lake linaacha kufanya kazi, na tumbo likisimama kwa muda mrefu ndiyo basi." Alikuwa ameshaanza kumkausha. "Wanaofika kwangu katika hali hii, wengi hawaponi. Siwezi kukuahidi, Mama."

"Sikukuomba uahidi. Niambie nifanye nini."

Daktari alimtazama vizuri, kisha akasema, moja baada ya jingine. Akauke kabisa, mpaka kwenye ngozi. Apate joto la taratibu, si la moto wa jiko. Punje za chakula cha sungura ziloweshwe maji ya uvuguvugu ziwe uji, anyweshwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, kidogo kidogo na mara nyingi. Ukimwaga mengi kwa pupa yanaingia mapafuni. Tumbo lipapaswe polepole. Nyasi ziwe mbele ya pua yake hata kama hazigusi.

"Na kinyesi," akamalizia. "Ndicho kitakachotuambia. Akitoa kinyesi, tumbo limeamka. Usikifagie fagie, mwachie kona yake, harufu yake inamtuliza. Na kuna kingine laini, kimeshikana kama kishada cha zabibu. Hicho atakila mwenyewe. Usimzuie, hicho ndicho kinachomjenga tumbo."

"Atakila nini?"

"Umenisikia, Mama."

"Na rangi?"

"Rangi haimdhuru. Itaondoka manyoya mapya yakiota."

Mama Kola alirudi, akafunga mlango wa barabarani mchana kweupe. Wateja waligonga. Msimamizi wa ile hoteli akaja mwenyewe, akapayuka dirishani kwamba jioni ana wageni na wahudumu wake hawana mashati.

"Vaeni ya jana."

"Ya jana machafu!"

"Basi leo mtajua wanavyoishi wenzenu," Mama Kola akajibu, akashusha pazia. Miaka yote ya kazi hakuwahi kumwangusha mteja, na jambo hilo lilimchoma. Lakini alikuwa na mikono miwili tu.

Ile pasi ya mkaa ilikuwa bado ina moto. Alipasha nayo mataulo, moja baada ya jingine, akilijaribu kila moja kwenye shavu lake kabla ya kumfunika nalo Pamba. Alimkausha manyoya kwa vidole, akiyapuliza, akifika hadi kwenye ngozi ile nyembamba ya waridi. Hakusugua. Kila mkono ulipotaka kusugua aliukanya kwa sauti, "Wewe! Tulia." Kisha akamfunga kifuani kwa kipande cha blanketi, ndani ya blauzi, apate joto la mwili, akakoroga uji.

Pamba alikaza meno. Tone la kwanza likamwagika kidevuni, la pili pia. Mama Kola alikuwa na subira ndogo kuliko watu wote wa mtaa ule, na alilijua hilo. Akaikusanya yote aliyokuwa nayo. "Kula, bwana mdogo. Hutaki? Basi tukae. Mimi sina pa kwenda." Akangoja. Akampaka tone kwenye mdomo. Ulimi mdogo ukatoka, ukalilamba, ukarudi ndani.

"Ee!" akapiga kelele, kisha akakumbuka kelele hazitakiwi, akajiziba mdomo.

Hivyo ndivyo siku ile ilivyokwenda, na iliyofuata. Tone, ngoja, tone. Papasa tumbo, pasha taulo, tone. Soli alipitisha chai dirishani, akauliza, "Bado?" na kila mara akajibiwa, "Bado." Nyasi hazikuguswa. Kona ya boksi ilikuwa safi, haina hata alama, na usafi huo ulimtia Mama Kola hofu kuliko uchafu wowote aliowahi kuuona. Mwanamke aliyetumia maisha yake yote kuufukuza uchafu alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi akiuomba uje. "Kunya, mwanangu," akasema, machozi yanamtoka. "Kunya popote utakapo. Kunya hata kitandani kwangu."

Soli alikuwa anagonga kisigino Alhamisi mchana aliposikia ukelele upande wa pili wa ukuta. Akajua ni msiba. Akatupa nyundo, akakimbia, akakuta mlango umefunguliwa wazi na Mama Kola amesimama kizingitini, amenyoosha kiganja. Katikati ya kiganja kulikuwa na punje moja, ya mviringo, kavu.

"Ona!" akasema. "Jirani, ona!"

"Nimeona," Soli akasema. "Hongera."

Baadaye kidogo Pamba aliinama, akaingiza kichwa katikati ya miguu yake ya nyuma, akatoka anatafuna. Mama Kola alielewa anachotafuna. Mkono wenyewe ukaenda kwenye kitambaa chenye dawa. Akaurudisha. Akageukia ukutani. "Haya, kula," akasema na pua kaibana. "Karibu tena." Kesho yake asubuhi aliamka akasikia kelele ndogo kavu, kru, kru, kru. Pamba alikuwa anakula nyasi.

Alikuwa mzima. Alikuwa amekonda, bado anahitaji uji mara kwa mara, lakini alikuwa mzima, na alikuwa wa samawati tangu ncha ya sikio hadi mkia.

"Siki inatoa buluu," Mama Kola akajisemea, na loo, chupa ilikuwa tayari mkononi, na karai alikuwa ameshalivuta kwa mguu. Alipojiona anafanya nini, aliibeba chupa mpaka kibandani kwa Soli, akamkabidhi.

"Nifichie hii. Hata nikikuomba kwa magoti, usinipe."

"Ila kesho utamwambia nini mtoto?" Soli akauliza. "Sema ni aina nyingine. Sema hubadilika rangi wakikua."

Mama Kola alimwachia chupa, akarudi kwake. Usidhani hakutamani.

Jumamosi wakaja. Shule zilikuwa zimefungwa siku moja kabla, na mtoto alikuja mbio akimwacha mama yake nyuma, akapiga magoti mbele ya boksi. Mkamwana akaingia, akasalimia, akaona, salamu ikamfia mdomoni.

"Bibi," mtoto akasema. "Pamba ni wa buluu."

"Nilimwogesha." Mama Kola alikuwa amesimama, mikono kaishikanisha ili isitafute kazi. "Si mtu mwingine, ni mimi. Aliingia kwenye mkaa akachafuka, nikamwogesha kwa sabuni, nikamsuuza, nikamtia na buluu. Akazimia. Nusura nimuue, mjukuu wangu. Ningeweza kuuliza kwanza. Sikuuliza. Mimi huwa siulizi."

Mkamwana alikuwa anamtazama. Katika miaka yote ya ukwe wao hakuwahi kusikia maneno hayo kutoka kinywani mle.

Mtoto uso ulimbadilika, machozi yakamtoka. "Ulimsugua?"

"Nilimsugua."

"Alilia?"

"Hakulia. Alinyamaza. Nikadhani anapenda."

"Hata mimi nilikuwa nanyamaza," mtoto akasema.

Mama Kola aliketi kwenye kiti cha wateja. Mkamwana akaweka mkono begani kwa mtoto, akasema kwa upole wake ule ule kwamba twende, tumchukue, leo leo tutamtafutia mahali pengine, asante Mama kwa kumshughulikia. Na Mama Kola hakubisha. Alisimama akafuta uso kwa kiwiko, akasema kwamba basi wangoje, maana saa yake ya uji imefika na hawezi kusafirishwa na njaa. Na ni vizuri waone, kwa sababu huko aendako itabidi mtu ajue.

Akamkalisha Pamba mapajani, akachukua lile bomba. "Upande wa kushoto anakataa, msiulize kwa nini. Upande wa kulia. Ukiharakisha anakaza meno, na akikaza ndiyo umeshashindwa, kaa ungoje. Akimaliza anapenda kupapaswa hapa, hivi, kwa kidole kimoja." Pamba alifungua mdomo kabla bomba halijamfikia. Akameza, akatikisa masikio yake ya samawati, akamwegemea bibi kwenye mkono na kufumba macho.

Mtoto alitazama yote, uji hadi tone la mwisho. Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni. Alimtazama Pamba, akamtazama bibi yake, akatazama makarai kule uani kwa muda mrefu.

"Mama, wewe nenda," akasema. "Mimi nabaki."

"Unabaki vipi?"

"Nabaki nimwangalie Pamba. Na Bibi pia nimwangalie. Hawezi kuachwa naye peke yake."

Mkamwana alitaka kusema kitu cha kumtetea mama mkwe. Mama mkwe akamkatiza, "Mtoto yuko sahihi. Siwezi."

"Nitabaki mpaka rangi itoke," mtoto akaendelea, mikono kiunoni, akamgeukia bibi yake kwa ukali. "Buluu inatoka lini?"

Mtaa mzima hakuna doa ambalo Mama Kola hajui linatoka lini na kwa dawa gani. Alijikaza uso usimsaliti.

"Hiyo?" akasema. "Mpaka manyoya mapya yaote. Hiyo inachelewa sana, mjukuu wangu. Inachelewa mno."

Akampa Pamba, akaenda chumba cha nyuma kutandika kitanda cha pili, mbiombio, kabla mtoto hajabadili nia.